Kabla hujamtegea mbweha sumu, chuna shingo kwanza

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, simu inaita. Ni mfugaji wa upande wa Maungu, mzee ninayemheshimu. Hata salamu hazijaisha: "Daktari, mbweha wananimalizia watoto wa mbuzi. Ninayo ile dawa ya zambarau. Niipake kwenye mzoga au niichanganye na nyama?"

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kusuluhisha mifugo na wanyamapori kwenye ranchi za Taita-Taveta, na kwa kuwa natembea na buti na daftari, udaktari nimetunukiwa bure. Hii ni simu ya nne ya namna hii tangu vuli ianze. Wimbo ni mmoja: mbweha wamezidi, waangamizwe, mbuzi wapone. Swali hili nimelijibu kwa upole barazani, nimelijibu chini ya mbuyu, nimelichora mchangani kwa kijiti. Leo naliandika, ili mara nyingine nitume tu kiungo.

Sumu naipitia mbio. Hiyo "dawa" ni kaabofurani, kiuadudu cha shambani, na haichagui mlaji. Atakula mbweha mmoja, atakula fisi, atakula mbwa wako, kisha watashuka tumbusi. Tumbusi mmoja akishuka, wa mbali humwona naye akafuata, ndiyo maana mzoga mmoja hulaza kundi zima. Tumbusi mgongo-mweupe hutaga yai moja kwa mwaka, na tangu 2015 wameorodheshwa kati ya walio hatarini kabisa kutoweka. Wakiisha, mizoga ya ranchi italiwa na nani? Mbweha na mbwa koko. Umejitega mwenyewe. Tena ni kosa la jinai. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na kama kuna mnyama wa kuondolewa, wa kuitwa ni KWS, shirika la serikali la wanyamapori, si muuza dawa.

Sasa nije kwa linalonikera. "Mbweha amemuua." Ulimwona akiua? "Nilimkuta anakula." Mzee wangu, nami ukinikuta nakula nyama ya mbuzi utasema nimemchinja?

Vaa glavu, chukua kisu, uchune ngozi ya mzoga kuanzia nyuma ya sikio hadi kifuani. Usihangaike na damu ya nje, hiyo hudanganya. Geuza ngozi utazame upande wa ndani. Mnyama aliyeumwa akiwa hai, damu huvilia kuzunguka meno yalipoingia, na nyama hapo huwa nyekundu iliyokoza kuelekea nyeusi. Aliyeumwa akiwa mzoga, tundu ni tundu tu, safi, kama la msumari kwenye ngozi kavu. Huhitaji maabara. Unahitaji dakika kumi na tumbo lisilochafuka upesi.

Ukishaona damu iliyovilia, ndipo uulize ni nani. Mbweha huuma koo karibu na taya, na matundu yake ni madogo, yamekaribiana. Chui pia hushika koo, lakini matundu yake yana nafasi kubwa na mara nyingi utaona mburuzo. Fisi hana habari na koo, yeye hupasua tumbo na mapaja, akaondoka na mifupa. Ukikuta mbuzi wanane wamechanwa masikio na mapaja ya nyuma, na aliyeliwa ni mmoja tena nusu, hao ni mbwa wa kijijini. Kesi za mbwa ndizo zinazoniletea uadui, maana mbweha hana mwenyewe wa kuja kunigombeza.

Kwa mtoto wa mbuzi kuna jambo moja zaidi, na hapa ndipo watu hunikatiza. Tazama ncha za kwato. Mtoto huzaliwa na utando laini, wa manjano, unaoanza kuchakaa mara tu anaposimama na kutembea. Utando ukiwa mzima kabisa, huyo hajawahi kusimama. Pasua tumbo: mna maziwa? Kata kipande cha pafu ukitie kwenye ndoo ya maji. Aliyevuta pumzi, pafu huelea. Asiyewahi kupumua, huzama. (Likiwa limeanza kuoza usiliamini, gesi huliinua.) Mbweha hawezi kumuua aliyezaliwa mfu.

Haya, tuseme kweli ni mbweha. Mbweha wa mgongo mweusi huishi dume na jike, wakishika eneo lao na kuwafukuza wageni. Baadhi ya watoto wa mwaka uliotangulia hubaki kulea wadogo zao. Patricia Moehlman, aliyewafuatilia Serengeti, alionyesha kwamba wasaidizi wakiwa wengi, watoto wanaopona nao huwa wengi. Jozi inayoshindia panya, mende wa samadi na matunda ni askari usiyemlipa. Iue, na pengo litajazwa na vijana wasio na makao, ambao tabia zao huzijui.

Lakini nisijifanye najua yote. Huko Afrika Kusini wafugaji wamepambana na mbweha tangu karne ya 17, kwa zawadi kwa kila mbweha aliyeuawa, mitego, mbwa na vilabu vya kuwinda, na mbweha bado wapo. Hata hivyo wapo wanaoondoa jozi moja inayojulikana kwa kuua, muda mfupi kabla kondoo hawajaanza kuzaa, nao hupumua msimu huo. Siwezi kusema wanaota. Wala sijapata kuelewa kwa nini jozi hukaa miaka mitatu kando ya boma bila kugusa kitu, kisha siku moja ikaanza. Nashuku zalio linaloachwa nje baada ya mbuzi kuzaa, hapo ndipo ladha inapoonjwa. Lifukie. Na boma je? Kuna jamaa nilimsaidia kuzungushia waya hadi chini ya ardhi. Mwezi uliofuata aliyenipigia simu ni jirani yake. Hilo bado linaninyima usingizi.

Saa nne mzee akapiga tena. "Daktari, pafu limezama."

"La yupi?"

"La wote wawili."

Nikamwuliza ni mbuzi wangapi wametupa mimba mwaka huu. Akanyamaza kidogo. "Watano, tangu Septemba."

Hapo nashuku brusela, ugonjwa unaoharibu mimba za mifugo, na ndiyo sababu nasisitiza glavu, maana humwambukiza na binadamu kupitia zalio na maziwa mabichi. Nimemwambia maziwa yachemshwe, watoto wasikaribie mbuzi wanaozaa, na nimempa namba ya daktari wa mifugo, yule wa kweli, aje kuchukua damu ya kundi zima. Ile ya zambarau ipo kwenye mkebe juu ya kabati. Naifuata Alhamisi.