Kukimbia 21 bila mazoezi na tumbo tupu: maswali mnayouliza

Msimu wa mbio ukifika hapa Uganda, iwe ile ya Kabaka, mfalme wa Buganda, mwezi wa nne, iwe ya Kasese, iwe ya Kampala mwezi wa kumi na moja, maswali ni yale yale: mtu ameshapewa jezi, ofisi nzima imejiandikisha kilomita 21 (nusu marathoni), mazoezi bado. Majibu haya hapa, na someni mpaka chini tafadhali maana mambo ya hatari yako huko.

Nakimbia kilomita 5 bila shida, 21 si ni kujikaza tu?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanaumia. Pumzi inakuja haraka, ukikimbia wiki tatu nne tu kifua kinafunguka, huhemi tena kama zamani, unajiona uko fiti. Lakini kano na mifupa vinachelewa sana kuzoea, vinataka miezi, kwa hiyo mapafu yanasema twende na goti bado halijakubali. Mtu ambaye 5 anaiweza ajipe wiki 10 mpaka 12, akimbie mara tatu ama nne kwa wiki, na wikendi siku moja arefushe kidogo kidogo hadi afike 16 ama 18. Wiki ya mwisho anapunguza, si wakati wa kulipa madeni ya mazoezi aliyokosa.

Kuna wanaosema sisi Uganda mbio ziko kwa damu, wanamtaja Jacob Kiplimo aliyekimbia nusu marathoni kule Lisbon mwaka 2021 kwa dakika 57 na sekunde 31. Inatufurahisha sote hiyo. Lakini yeye na mwanariadha mwenzake Joshua Cheptegei ni watu wa Sebei, wamekulia milimani na mazoezi ndiyo kazi yao ya kila siku, wewe unakaa kwa kiti toka asubuhi na jioni unapanda boda.

Halafu Kampala ni vilima. Watu wanaogopa kupanda, kumbe kushuka ndiko kunakochana misuli ya mapaja, kwa sababu misuli inavutika huku inazuia uzito wote wa mwili, kila hatua. Ndiyo maana siku ya pili yake hata ngazi huwezi kushuka.

Niliamka saa kumi alfajiri nikanywa chai ya rangi tu nikaenda. Kilomita ya 15 miguu ikakataa kabisa, kichwa kikawa chepesi. Ilikuwa nini?

Uliishiwa sukari. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, inaitwa glaikojeni, kwa mtu mzima ni kama gramu 400 kwa misuli na 100 hivi kwa ini, jumla kilokalori karibu 2,000. Kukimbia kunakula kama kilokalori moja kwa kila kilo ya mwili wako kwa kila kilomita, so mtu wa kilo 70 akimaliza 21 amechoma karibu 1,500. Kwa hesabu inatosha, si ndiyo? Shida ni kwamba akiba ya ini ndiyo inalisha ubongo usiku kucha umelala, asubuhi imebaki kidogo, na kama jana jioni hukula vizuri, na mwanzoni ukatoka mbio sana kwa sababu ya muziki na umati, basi ulianza na pungufu na ukachoma haraka. Mafuta ya mwili yapo tele hata kwa mtu mwembamba lakini yanawaka polepole, hayabebi ile spidi.

Sasa nile nini?

Tuna bahati, chakula chetu kimejaa wanga: matooke, posho, viazi vitamu, mihogo, wali. Siku mbili za mwisho shiba hivyo, na jioni ya mwisho punguza maharage na vyakula vya mafuta kama tumbo lako ni la matata. Siku yenyewe, saa mbili ama tatu kabla ya kuanza, kula kitu chepesi ulichozoea, mkate na jamu, uji wenye sukari, ndizi mbivu. Rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) hapana bana, mafuta na mayai yanakaa tumboni muda mrefu, hiyo kula ukishamaliza.

Njiani, kwa sababu wengi wetu tunatumia saa mbili na zaidi, unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Bogoya (ndizi tamu ya kula mbivu) moja kubwa iliyoiva inakupa karibu 30, chupa ya soda ya nusu lita inakupa kama 50. Anza dakika ya 30 ama 40, usingoje njaa. Na kitu ambacho hukukijaribu mazoezini usikijaribu siku hiyo.

Maji je, ninywe kila kituo?

Kunywa kiu ikikuambia. Maji mengi kupita kiasi yanashusha chumvi ya damu na ubongo unavimba: kichwa kinauma, unatapika, unachanganyikiwa. Hii inawapata zaidi wanaokaa njiani muda mrefu wakinywa kila kituo.

Nimeze dawa ya maumivu kabla, goti lisinisumbue?

Usimeze. Diklofenaki na ibuprofeni zinapunguza damu inayoenda kwenye figo, na wakati huo umekauka maji. Na kama una homa, ama uko kwenye dozi ya malaria, baki nyumbani, jezi haiozi.

Nani awe makini zaidi?

Mwenye presha, kisukari, shida ya moyo, aongee na daktari kwanza. Na kuna hili watu hawalizungumzi: utafiti wa nchi nzima uliochapishwa 2016 ulikuta karibu watoto 13 kwa kila 100 Uganda wamebeba kinasaba kimoja cha selimundu (sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi), na watu wazima wengi hawajui kama wanacho. Unaishi nacho vizuri na kukimbia unaruhusiwa, lakini kujisukuma kwa nguvu bila mazoezi, kwenye joto, bila maji, kunaweza kuvunja misuli na hata kukuangusha. Pima, ni kipimo cha damu tu.

Dalili gani nisizipuuze?

Maumivu ya kifua, simama hapo hapo. Mwenzako akianza kuongea ovyo, anayumba na mwili unachoma, huenda joto lake limepita 40: kivulini, mmwagieni maji baridi mwili mzima sasa hivi, msingoje ambulensi ifike ndio muanze. Ukifika nyumbani mkojo ukatoka rangi ya soda nyeusi, misuli imevunjika na inaziba figo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, si kesho, na mitishamba iache.

Nimebakiza wiki mbili na sijafanya kitu.

Omba wakubadilishie uende 10. Wakikataa, kimbia dakika nne tembea moja, toka kilomita ya kwanza kabla hujachoka, kula njiani, na ukiona goti linauma mpaka unachechemea toka pembeni, panda boda urudi.