Paneli inaandika nini ukiwa unaongea? Mambo ya intavyuu kutoka kwa kocha wa Kisumu

Karibu kila mtu anayekuja kwangu hapa Kisumu kufanya mazoezi ya intavyuu anaanza na ombi moja, nisaidie nijiamini. Sijawahi sikia mtu akisema nisaidie nikumbuke kazi yangu, na kumbe hapo ndipo shida iko. Kabla nianze hii kazi nilikuwa HR, yaani ofisi ya kuajiri na kusimamia wafanyakazi, nikakaa kwa paneli nyingi tu, wale watu wanaokuhoji, na nakwambia ile karatasi tunashika haina mahali pa kuandika "huyu anajiamini sana". Kila mwanapaneli ako na yake, maswali ni yaleyale kwa kila mtu, kando ya swali kuna nafasi ya maksi na nafasi kidogo ya maelezo, jioni mnajumlisha. Ukiongea dakika tano bila kutoa kitu mtu anaweza kuandika hapo, suti inaweza kuwa imekukaa vizuri na kitabasamu kiko sawa, lakini utapewa mbili juu ya kumi na mwingine aitwe.

Chukua lile swali la kwanza, tuambie kukuhusu. Watu wetu wanalijibu kama wako kwa harambee: nilizaliwa Ugunja, mtoto wa tatu kati ya sita, praimari nikasomea hapo nyumbani, sekondari nikaenda bodingi... Jamani, CV wanayo mbele yao! Wanachotaka ni unafanya nini sasa hivi, kitu kimoja umewahi kufanya kikatokea vizuri na kinachofanana na kazi yao, na kwa nini umekuja kwao. Dakika moja na nusu, mbili ukizidi sana, halafu unyamaze.

Sasa nikuonyeshe vile haya mazoezi yanafanya kazi, maana wengine wanadhani nitawapa majibu ya kumeza. Kuna dada alikuja akiwa ameitwa intavyuu ya kusimamia stoo ya dawa, CV yake imeandikwa tu "alisaidia kazi za stoo", mstari mmoja, basi. Nikamuuliza pale kwa kituo cha afya cha serikali alikokuwa, alikuwa anafanya nini.

"Tulikuwa tunasaidia stoo, madam."

"Tulikuwa, wewe na nani?"

Akacheka. "Mimi na inchaji, yule mkubwa wa kituo."

"Inchaji alikuwa anafanya nini?"

"Anasaini."

"Na wewe?"

"Mimi napokea mzigo, nahesabu, naandika kwa kadi, halafu napanga."

"Unapanga aje?"

"Zile zinaekspaya mapema naweka mbele."

"Ulizikuta zimepangwa hivyo?"

Akafikiria kidogo. "Hapana. Nilikuta zimerundikwa vile zilikuja, mpya zinatumika, za zamani zinaharibikia huko nyuma. Nikashinda wikendi nikitoa zote, nikaandika orodha ya zile zimebakisha miezi mitatu, nikampea inchaji, akapigia vituo vingine simu, wakazichukua zikatumika."

Sasa hiyo! Huyu mtu amepanga stoo upya, ametoa orodha, ameokoa dawa za serikali zisitupwe, na alikuwa anaenda kuambia paneli kwamba alisaidia. Sikumwongezea hata neno moja, nilikuwa nauliza tu, na ukiona kocha anakuandikia majibu usiku kucha jua anakuuzia shida, kwa sababu paneli yoyote iliyo macho itakuuliza swali la pili, kwa nini ulianza na zile za miezi mitatu? Aliyefanya kazi anajibu bila kupepesa macho. Aliyekariri anaanza kukohoa.

Hii ya kusema "tulifanya, tulisaidia" naielewa, sisi huku tumelelewa kwamba mtu hajisifu, wengine ndio wanakusifu. Lakini paneli haiwezi kumpea "sisi" maksi. Sema "mimi nilihesabu, mimi niliandika orodha, inchaji akapiga simu". Umetaja kazi yako na ya mwenzako umemwachia, hakuna mtu utakuwa umemdharau.

Mpangilio wa kusimulia watu wa HR wanauita STAR, herufi za kwanza za Situation, Task, Action, Result: hali ilikuwa aje, jukumu lako lilikuwa gani, ulichukua hatua gani, matokeo yakawa nini. Kosa ninaloona sana ni mtu kumaliza muda wote kwa hali, anaeleza hospitali iko wapi, mvua ilinyesha aje, inchaji alikuwa mtu wa namna gani, akifika kwa hatua zake anaambiwa asante, tuendelee. Maksi nyingi ziko kwa hatua na matokeo, huko ndiko ukae.

Halafu kuna mambo ya lugha. Intavyuu nyingi ni ya Kiingereza, na mtu akishaanza kutafuta maneno ule ujasiri wote unayeyuka. Mimi huwaambia kwanza nisimulie kwa lugha yako, Kijaluo, Kiluhya, Kiswahili, yoyote, jirekodi kwa simu, sikiza, ndio sasa uirudie kwa Kiingereza chepesi cha sentensi fupi. Ukishajua hadithi yako, maneno hayakusumbui sana.

Swali la udhaifu, tafadhali, hiyo ya "mimi napenda kazi iwe safi kupita kiasi" paneli imeisikia mpaka inaweza kuimba pamoja na wewe. Taja kitu cha kweli, kama Excel ilikuwa inakusumbua, na useme umefanya nini kuihusu.

Ukiulizwa kabila, ndoa ama mimba, jua Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi kwa mambo kama kabila, dini, ulemavu na mimba, hata kwa mtu ambaye bado anatafuta kazi. Hapo mezani lakini sikushauri uanze kesi, jibu kwa upole "hakuna kitu kitanizuia kufanya hii kazi" na urudi kwa kazi.

Pia hiyo sheria ilirekebishwa 2022, mwajiri asikudai vyeti vya kliaransi, vile vya kuonyesha huna deni wala kesi, kabla hajaamua kukupa mkataba, kwa hivyo usikope pesa ya vyeti vyote kwa sababu tu umeona tangazo, soma kwanza linataka nini. Na mtu akikuambia utume pesa kwa M-Pesa ndio uitwe intavyuu, huyo ni tapeli, usimjibu.

Mshahara. Wengi wanataja namba hewani bila kusema ni kabla ya makato ama baada. Ukisema 40,000, kwa viwango vya 2025 SHIF, ile bima ya afya, inachukua 2.75% ambayo ni 1,100, ada ya serikali ya nyumba nafuu 1.5% ni 600, NSSF ya pensheni 2,400, na PAYE, kodi ya mshahara, kama 3,150, unabaki na 32,700 na kitu. Kama hesabu yako ya rent na fare ilikuwa ya 40,000 mkononi, ushajiumiza, kwa hivyo piga hesabu ukiwa nyumbani na ukifika pale useme wazi ni kabla ya makato.

Mwishoni watakuuliza kama uko na swali, na watu wanasema hapana, asanteni. Usifanye hivyo. Uliza hivi, mtu mkimchukua hapa, miezi mitatu ya kwanza mtataka awe amemaliza nini? Na uandike jibu, maana ukichukuliwa hayo ndiyo watakupimia kwa probesheni, ule muda wa majaribio, ambayo kisheria haifai kuzidi miezi sita isipokuwa wewe mwenyewe ukubali iongezwe.