Meza hii imetoka wapi? Ripoti za uendelevu na ofisi zetu za Lubumbashi

Zamani mteja aliyetaka nimchoree ofisi mpya aliniuliza mambo mawili: bei, na lini itakuwa tayari. Sasa, kabla hata ya kuonana, ananitumia jedwali. Ndani yake kuna maswali kuhusu mbao, gundi, gesi ya viyoyozi, lita za mazuti (dizeli), na viti vya zamani vitakwenda wapi. Wateja wangu wengi ni kampuni zinazohudumia migodi ya Haut-Katanga na Lualaba, majimbo ya kusini mwa Kongo. Jedwali hawakulitunga wao. Wamelipata kutoka kwa mgodi, mgodi umelipata kutoka makao yake makuu au benki yake, na huko nako kuna sheria.

Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo la CSRD, linalozitaka kampuni kubwa zitoe ripoti ya uendelevu, yaani jinsi zinavyogusa mazingira na watu, pamoja na ripoti ya fedha. Viwango vyake, ESRS, vina sehemu ya tabianchi (E1) na sehemu ya matumizi ya malighafi na taka (E5). Juni 2023 ISSB, bodi ya kimataifa ya viwango vya ripoti za uendelevu, ikatoa viwango vya IFRS S1 na S2, ambavyo wawekezaji wa nchi nyingi wanavifuata. Februari 2025 Tume ya Ulaya ilipendekeza kupunguza sana idadi ya kampuni zinazobanwa na CSRD, na baadhi ya wateja wangu wakadhani mambo yamekwisha. Hayajaisha. Kampuni ya watu thelathini pale Kampemba, hapa mjini, haibanwi na sheria ya Ulaya hata kidogo, lakini inabanwa na mnunuzi wake, na mnunuzi bado anauliza.

Katika ripoti hizo hesabu ya hewa chafu, ile inayoongeza joto duniani, imegawanywa mafungu matatu. La kwanza ni kile unachokichoma mwenyewe, pamoja na gesi inayokuvujia. La pili ni umeme unaonunua. La tatu ni yote yanayotoka kwa wengine kwa ajili yako: bidhaa ulizonunua, usafiri wake, taka zako, hata safari za wafanyakazi kwenda kazini.

Hapa ndipo miongozo ya Ulaya inapowapoteza watu wetu. Huko, kampuni iliyokodi ofisi inahangaika na fungu la pili. Kwetu umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, karibu wote ni wa maji, kutoka mabwawa ya Inga, Nseke, Nzilo na Mwadingusha, kwa hiyo fungu hilo ni dogo. Mzigo wetu ni jenereta. Lita moja ya mazuti ikiungua inatoa kama kilo 2.7 za kaboni dioksidi. Tuseme jenereta ya ofisi ya kawaida inakula lita 8 kwa saa na umeme unakatika saa 5 kwa siku: hizo ni kilo 108 kila siku, zaidi ya tani 2 kwa mwezi, na zote zinaangukia fungu la kwanza, ambalo hakuna wa kumsingizia. Kwa hiyo swali ninalolibeba wakati wa kuchora ni hili: umeme ukikatika saa nne asubuhi, watu wanaweza kuendelea na kazi kwa muda gani kabla mtu hajakwenda kuwasha jenereta?

Jibu linaanzia kwenye mahali pa kuweka meza. Mji wetu uko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari. Juni na Julai asubuhi watu wanavaa makoti. Joto la kusumbua ni la Septemba na Oktoba, kabla mvua haijashika. Jua baya ni la magharibi, la alasiri. Kwa hiyo wanaosoma na kuandika siku nzima ninawaweka karibu na madirisha ya kaskazini na kusini, na upande wa magharibi unabaki kwa makabati ya mafaili, stoo na ngazi. Kuta za ndani za mbao zinazofika darini ninaziondoa, ama ninazikata zifike kifuani, ili mwanga na upepo vipite hadi upande wa pili. Taa zinazobaki zinaweza kubebwa na paneli chache za jua na betri.

Nyumba za zamani za katikati ya mji zinayajua haya yote. Dari ziko juu, barza ina kivuli, na chini ya paa kuna matundu ya kutolea hewa ya moto. Inaniuma kila ninapokuta matundu hayo yamezibwa kwa tripleksi ili kiyoyozi kifanye kazi. Katika kazi zangu nyingi kuyazibua ndilo jambo la kwanza, na ni la bei ndogo kuliko mengine yote.

Kiyoyozi chenyewe kina jambo ambalo wengi hawalihesabu. Kilo moja ya R-410A, gesi ya viyoyozi vingi, ikivuja inahesabiwa sawa na kilo 2,000 na zaidi za kaboni dioksidi. Ya R-32, gesi nyingine ya viyoyozi, ni kama 675. Makubaliano ya kupunguza gesi za aina hiyo duniani yalifanyika jirani yetu, Kigali, Oktoba 2016. Lakini ukiangalia fundi akihamisha kiyoyozi kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, mara nyingi anafungua bomba na kuiachia gesi yote iende zake. Kwa hiyo sasa mkataba wangu unamtaka fundi airudishe gesi ndani ya mashine ya nje kabla ya kufungua, na aandike kilo alizoongeza.

Tuje kwenye samani. Mhasibu akinunua meza, gharama yake anaigawa kwa miaka kadhaa. Hewa chafu haigawanywi hivyo: kwa GHG Protocol, kanuni za kimataifa za hesabu hii, hewa chafu yote iliyotoka wakati wa kutengeneza samani inaandikwa mwaka ule ule wa kununua. Kampuni ikihama na kubadilisha kila kitu, ripoti ya mwaka huo inaruka juu, na mkurugenzi anatakiwa kueleza kwa nini. Ndiyo maana wateja waliokuwa wakiniambia «tupa vyote» sasa wananiuliza kama fremu za chuma zinaweza kupakwa rangi upya. Zinaweza. Meza ya chuma ya miaka ishirini ikipata ubao mpya ni meza nzima, na viti vingi vinahitaji sponji na kitambaa tu.

Pale kipya kinapohitajika, shida ni mbao. Umoja wa Ulaya una sheria nyingine, namba 2023/1115, ya bidhaa zinazoingia soko lake: mbao zisitoke kwenye msitu uliokatwa baada ya Desemba 31, 2020. Nao CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, katika mkutano wa Panama wa 2022, uliweka miti yote ya Kiafrika ya jamii ya mukula kwenye orodha ya biashara inayodhibitiwa. Zote mbili hazimkatazi fundi wa Katuba, mtaa wa mji wetu, kutengeneza meza itakayobaki Lubumbashi. Lakini mtu wa ripoti, akisikia mbao za Katanga, anaogopa. Anaona ni salama zaidi kuagiza meza yenye cheti cha FSC, cha mbao za misitu inayotunzwa, isafiri kama kilomita 2,000 kutoka Dar es Salaam kwa lori, ipite mpaka wa Kasumbalesa, ifike hapa na plastiki yake yote.

Mimi ninaona huo ni uamuzi mbaya. Fundi wetu hakukosa mbao nzuri, amekosa karatasi. Nilimuuliza mmoja mbao zake zimetoka wapi, akanijibu: «Mama, nilinunua kwa mwenye lori, alikuja na njia ya Kasenga. Yeye naye alinunua kwa wengine.» Nilimwomba tuanze na alichokijua. Chini ya kila meza, mahali mguu unapoungana na ubao, aliandika kwa penseli ya seremala aina ya mti, tarehe, na namba ya ukurasa wa daftari. Kwenye daftari kuna jina la mwenye lori, mahali alipopakia, na kibali cha kukata kama kipo. Fakture (ankara) inapigwa picha. Mbao zisizo na kibali hazikuingia kwenye kazi ile. Mwenye lori alinung'unika, lakini mzigo uliofuata alikuja na kibali mkononi.

Daftari hilo si cheti, na simwambii mteja kwamba ni cheti. Ila linajibu maswali mengi ya jedwali kuliko ukimya, na mkaguzi anaweza kulifuatilia hadi kwenye lori.

Kinachobaki ni nani analipa. Kuandika, kupiga picha na kumsubiri mwenye kibali kunamla fundi siku nzima za kazi, na wateja wengi wanataka hayo yote kwa bei ile ile ya zamani. Siku hizi kazi hiyo ninaiweka kwenye devi (makadirio ya bei) kama mstari unaojitegemea, pamoja na malipo ya awali kwa fundi ili anunue mbao zenye kibali, ambazo zina bei zaidi. Mteja akiufuta mstari huo, ninaifuta pia ahadi ya kumjazia sehemu ya mbao kwenye jedwali lake.