Mkandarasi si mbia wako

Juzi kwenye kikao cha saiti mkandarasi aliuliza hati yake ya malipo imekwama wapi, maana ina siku 70 tangu mhandisi mshauri aisaini. Msemaji wa mwenye mradi akamjibu kwa upole: "Ndugu yangu, sisi ni wabia. Tuvumiliane." Mkandarasi akafunga faili lake, hakuongeza neno. Mimi ni mkadiriaji majenzi, na jibu hilo nimeshalisikia mara nyingi mno.

Ushirikiano wa mteja na mkandarasi ni utaratibu ambao pande mbili za mkataba zinakubaliana mapema malengo ya pamoja, namna ya kuambiana matatizo yakiwa bado madogo, na ngazi za kumaliza mgogoro kabla haujafika mahakamani. Basi.

Ubia ni kitu kingine. Bia, kwa Kiswahili cha wazee, ni kuchanga: watu wakila bia, kila mmoja ametoa chake na chakula ni cha wote. Ndiyo maana wabia hugawana faida na hasara. Sheria yetu Tanzania ya ubia kati ya sekta ya umma na sekta binafsi, ya mwaka 2010, imeliweka neno mahali pake, kwa kuwa humo mwekezaji anatia mtaji wake. Mkandarasi wa kawaida hajachanga chochote, ameuza kazi. Hata jina la mteja wake kwenye makabrasha linasema hivyo: mshitiri, neno la asili ya Kiarabu, ni mnunuzi. Muuzaji na mnunuzi wanaweza kuelewana vizuri sana, ila bei iliyokubaliwa inalipwa.

Walioujenga utaratibu wa ushirikiano hawakuyachanganya hayo. Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani, kilipochoshwa na kesi za madai mwishoni mwa miaka ya 1980, kilianza kukaa na wakandarasi wake na kusaini nao tamko la malengo. Mkataba wenyewe ulibaki palepale. Uingereza, ripoti ya Sir Michael Latham ya 1994 iliusukuma ushirikiano na kupendekeza mikataba ya NEC (New Engineering Contract), mikataba ya mfano ya ujenzi, itumike. Kifungu cha 10 cha mikataba hiyo kinazitaka pande zifanye kazi kwa kuaminiana, na vifungu vya mbele vinaweka muda wa kulipa na riba ya kuchelewa. Vyote viwili vimo katika kabrasha moja.

Pale uwanja wa ndege wa Heathrow, London, kwenye jengo la tano la abiria lililofunguliwa 2008, mwenye mradi, BAA, alibeba vihatarishi yeye mwenyewe na kuwalipa wakandarasi gharama halisi pamoja na faida waliyokubaliana. Fundi akiona nondo haziingiani na mchoro, hakuwa na sababu ya kunyamaza akiogopa kukatwa. Mwenye fedha ndiye aliyetangulia kutoa.

Kwa hiyo, ndugu yetu wa kikao kile, kama ulikusudia ushirikiano, ungemwambia mkandarasi wiki ileile hati ilipokufikia kwamba fedha hazijatoka, asije akachukua saruji ya mwezi unaofuata kwa mkopo. Na neno lake hapo ni washirika wa kazi, siyo wabia.