Maana za maneno ya Kiingereza kwa watoto: tunavyodhani na ukweli ulivyo

Dhana: kila neno la Kiingereza lina neno lake moja la Kiswahili.

Ndivyo tunavyofundisha: upande huu wa ubao Kiingereza, upande ule Kiswahili, mtoto ananakili. Lakini mkono wetu mmoja Waingereza wameugawa. Kuanzia begani hadi kwenye kifundo ni arm, kutoka hapo hadi vidoleni ni hand. Kwenye chakula sisi ndio tumegawa: mpunga, mchele na wali, vyote kwao ni rice. Kinachowasumbua zaidi watoto ni kuazima, kwa sababu anayetoa na anayepokea wote kwetu wanaazima. Ndiyo maana utasikia "borrow me your pen" mpaka sekondari. Wasimamishe wawili mbele na penseli moja. Anayempa mwenzake kitu kitakachorudishwa, hiyo ni lend. Anayekichukua ili akirudishe, hiyo ni borrow. Kisha wabadilishane nafasi.

Dhana: maana nyepesi si ya kisomi.

Hii inaniumiza, maana inawafanya walimu wazuri waone aibu kurahisisha. Michael West, aliyefundisha Kiingereza huko Bengal katika Bara Hindi, alitoa na James Endicott mwaka 1935 kamusi ya wanafunzi iliyoeleza kila neno kwa kutumia maneno 1,490 tu. Kamusi za wanafunzi za leo zimefuata njia hiyohiyo, nyingine zikijibana kwenye maneno kama 2,000. Kueleza neno kwa maneno mepesi kuliko lenyewe ni kazi ya kitaalamu, na ni ngumu.

Dhana: maana ya kitabuni inafaa popote.

Tumezoea kuwaambia watoto kuwa river ni maji mengi yanayotiririka mpaka baharini. Sasa mtoto wa Bahi, mkoani Dodoma, anaujua Mto Bubu, ambao huishia kwenye kinamasi cha Bahi na haufiki bahari yoyote. Tena kiangazi mito mingi ya Dodoma ni mchanga mtupu, na watu huchimba humohumo kupata maji ya ndoo. Mwambie kwamba river ni njia ndefu ya maji juu ya ardhi, na mingine hukauka mvua zikiisha. Hapo atakubali, kwa kuwa ameiona.

Summer nayo ni hivyohivyo. Juni na Julai Dodoma ni baridi na upepo, watoto wanakuja shule na masweta. Ukiwaandikia "Juni hadi Agosti, majira ya joto" bila kusema ni Uingereza, umewachanganya.

Dhana: akikariri, ameelewa.

Mwombe atunge sentensi kuhusu kitu alichokiona mwenyewe. Neno likiwa grape, asiishie kwenye kusema "fruit". Akisema mama yake anauza zabibu sokoni, endelea na neno linalofuata. Akirudia sentensi ya ubaoni, bado hajalipata.