Maboksi ya madogo waliodai haki ya elimu: vitu ambavyo watu wanavielewa ndivyo sivyo

Ukimwambia mtu kuna maktaba imehifadhi nyaraka za kikundi cha wanafunzi, yaani sio chama cha walimu wala wizara, ni wanafunzi wenyewe waliojipanga kudai walimu wa kutosha, vyoo, vitabu, na wasiwe wanafukuzwa fukuzwa shule kwa makosa madogo, kwanza anacheka. "Nyaraka za madogo? Wana nyaraka gani hao, madaftari ya hesabu?" Kichwani kwake madogo wanapiga kelele barabarani, halafu wakubwa ndo wanakaa mezani wanaandika.

Haya, twende Farmville, Virginia, kule Marekani, Aprili 23, 1951. Binti wa miaka 16 anaitwa Barbara Johns akawatoa wenzake darasani wakagoma, kisa shule yao ya Moton, ya weusi peke yao, ilijengwa kwa wanafunzi kama 180 na wao walikuwa wamebanana humo zaidi ya 450, wengine wanasomea kwenye vibanda vilivyofunikwa karatasi za lami. Siku hiyohiyo yeye na mwenzake wakawaandikia barua mawakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi. Mgomo huo ukazaa kesi, na kesi hiyo ikaja kuwa moja ya zile 5 zilizounganishwa kwenye hukumu ya Brown ya mwaka 1954, ile iliyosema kutenganisha wanafunzi wa shule za umma kwa rangi zao ni kinyume cha katiba. Sasa ile barua ingeishia kufungia vitumbua leo tungebaki na hadithi ya mawakili peke yao, na wasomaji wangeamini kabisa kwamba wakubwa ndo walianzisha.

Dhana nyingine, na hii hata wanaharakati wenyewe wanayo, ni kwamba cha kutunza ni ushindi. Ripoti ya mwisho yenye kava zuri, picha ya siku waliyopeana mikono na mkurugenzi, fulana, tuzo, basi. Yale makaratasi mengine ni takataka.

Mimi niliwahi kusaidia kupanga maboksi ya kikundi kimoja cha hivi na nakwambia ile ripoti nzuri ndo kitu nilichojifunza nacho kidogo kuliko vyote. Ripoti inasema "wanachama walikubaliana". Muhtasari wa kikao, ulioandikwa kwa peni ya kijani na mtu ambaye alikuwa anachora maua pembeni, unaonyesha walibishana vikao vitatu mfululizo kama waanze na vyoo au waanze na askari wanaokaa mlangoni shuleni, na kura ilipita kwa tofauti ya watu wawili, na waliokuwa wanataka vyoo wakasusa. Karatasi za mahudhurio zinakuonyesha kikao kilichokuwa na watu arobaini na kilichofuata wakaja saba, ukiangalia tarehe unakuta ni wiki ya mitihani. Risiti ya kukodi basi inakwambia walitegemea watu wangapi siku ya maandamano, halafu picha inakwambia walikuja wangapi. Kijana wa miaka 16 anayetaka kuanzisha kikundi leo, hivyo ndo vitu vya kumsaidia, maana vinamwonyesha kazi inavyokwenda hasa ikiwa inakwenda vibaya.

Na usisahau kitu kimoja kuhusu vikundi vya wanafunzi: kila baada ya miaka mitatu minne watu wote wameondoka. Wamemaliza shule! Chama cha wafanyakazi kina mzee amekaa pale miaka thelathini anakumbuka kila kitu, kikundi cha wanafunzi mzee wake ana miaka 18 na Juni anaondoka. Ndo maana utakuta mwaka fulani wanadai kitu na uongozi unawaambia "hilo halijawahi kuletwa kwetu", kumbe miaka sita nyuma lilipelekwa, likajibiwa, likaahidiwa kwa barua yenye sahihi, ila aliyekuwa na ile barua yuko chuo mji mwingine na boksi liko uvunguni kwa mama yake.

Picha nazo watu wanazikosea. Wanatunza picha za maandamano tu. Afrika Kusini kikundi cha Equal Education kilianza 2008 kule Khayelitsha, na moja ya kampeni zao za mwanzo ilitokana na wanafunzi kupewa kamera wapige picha za matatizo ya shule zao, na ndo ikapatikana ile ya madirisha yaliyovunjika kwenye shule ya Luhlaza, vioo kama 500 hivi. Madirisha yakatengenezwa. Wakaendelea kukomaa na suala la majengo mpaka mwaka 2013 serikali ikatoa kanuni za viwango vya chini vya miundombinu ya shule. Picha ya dirisha bovu haina mvuto, haina bango wala ngumi juu, ila ndo iliyobeba kesi.

Halafu kuna hili la "vitu vyote viko kwenye simu, viko mtandaoni, haviendi popote". Dah. GeoCities ilifungwa 2009 na kurasa za watu zikaenda nayo, zilizobaki ni zile ambazo watu wa kujitolea waliwahi kuzinakili. MySpace mwaka 2019 ikakiri imepoteza nyimbo zilizopakiwa kabla ya 2016, mamilioni, eti wakati wa kuhamisha seva. Na hizo ni kampuni kubwa, sembuse grupu lenu la wasap ambalo admini kabadilisha simu bila kufanya bakapu. Kwenye yale maboksi karatasi za mwaka 1998 nilizisoma bila shida, sidii za 2006 nusu zilikataa kufunguka, na faksi, zile za karatasi laini inayoteleza, zilikuwa nyeupe peee kwa sababu maandishi yake hayatokani na wino, ni joto lililochoma kemikali ya kwenye karatasi na hufifia yenyewe. Tulijua ni faksi ya nani kwa sababu mtu alikuwa ameandika juu kwa penseli.

Kwa hiyo wengine wanasema basi tuskani kila kitu tutupe makaratasi. Hapana bwana. Skani ni nakala ya kusomea na kugawana, inasaidia sana, lakini faili nalo linahitaji kulelewa, linakiliwe sehemu zaidi ya moja na likaguliwe kila baada ya muda kama bado linafunguka, na hiyo ni hela kila mwaka. Karatasi ukiiweka pakavu na pa baridi kwenye folda isiyo na asidi inakaa tu hapo, haikuombi umeme.

Hii ya faragha ndo inayonitoa jasho. Kuna watu wanaamini nyaraka zikishaingia maktaba basi yeyote anaingia anasoma chochote, na upande wa pili wapo wanaoamini kwamba haki ya jamii kujua maana yake kila kitu kiwekwe wazi mtandaoni. Wote wamekosea. Fikiria boksi la kikundi cha hivi lina nini ndani: majina na namba za simu za watoto wa miaka 14, barua za kusimamishwa shule, maelezo ya binti aliyeeleza mbele ya wenzake alichofanyiwa na mwalimu, maelezo ya kijana ambaye wazazi wake hawana vibali vya kuishi nchini. Hao sasa hivi wana miaka thelathini na kitu, wana kazi, wana watoto. Walisema yale kwenye chumba chenye watu kumi na wawili wanaoaminiana, hawakuyasemea dunia nzima.

Ndo maana kabla maboksi hayajapokelewa kunakuwa na mkataba wa makabidhiano, na kwenye huo mkataba kikundi kina haki ya kusema mafaili haya yafungwe miaka kadhaa, haya yafunguliwe sasa, haya msomaji aone ila asinakili. Marekani kuna sheria ya mwaka 1974 inaitwa FERPA inayolinda rekodi za mwanafunzi zilizoko shuleni. Haiibani moja kwa moja karatasi iliyokaa kwenye boksi la kikundi, ila watunza nyaraka wengi wakikuta barua ya nidhamu yenye jina la mtoto wanaitenga hata kama hakuna sheria iliyowalazimisha. Na mkataba huo vijana wausome wenyewe, wasisainiwe na mtu mzima wa ofisini wakati wao hawana habari.

Hapohapo kuna mkanganyiko wa umiliki. Kukabidhi karatasi hakumaanishi umekabidhi na hakimiliki, hivyo ni vitu viwili, bango linaweza kuwa la maktaba na mchoro uliopo kwenye bango bado ni wa aliyechora. Mfano unaouma ni wa Sam Nzima, aliyepiga ile picha ya Hector Pieterson, mwanafunzi aliyepigwa risasi na polisi, akiwa amebebwa, Soweto, Juni 16, 1976, siku wanafunzi walipoandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikana. Filamu aliificha kwenye soksi isikamatwe na polisi. Picha ikazunguka dunia nzima, ila haki zake zilikuwa za gazeti na yeye hakuzipata mpaka 1998, miaka 22 baadaye. Kwa hiyo swali la nani alipiga hii na nani ana haki nayo liulizwe mapema, wakati aliyepiga bado anapatikana.

"Vijana wanatumwa tu na wakubwa." Hii inasemwa kila mahali tangu enzi hizo, na huwa inanifurahisha kidogo kwa sababu ni dai ambalo nyaraka zinaweza kulijibu. Angalia mwandiko. Ajenda imeandikwa na nani, nani kaifuta futa, hotuba ina rasimu ngapi na masahihisho ni ya nani. Mara nyingi utakuta mwandiko wa kitoto kuanzia mwanzo mpaka mwisho na ule wa mtu mzima umejibana kwenye bajeti na barua za wafadhili. Mara nyingine, tuseme ukweli, utakuta kinyume chake, hotuba "ya mwanafunzi" imechapwa tayari na msimamizi na mwanafunzi kaongeza salamu tu. Nayo itunzwe hivyohivyo, sijui kwa nini watu wanataka kuificha.

Ila msije mkadhani na nyaraka zenyewe hazidanganyi. Siku moja ileile inaweza kuwa na majina mawili, kwenye kipeperushi inaitwa mgomo wa kudai walimu, kwenye rejesta ya shule inaitwa utoro. Los Angeles mwezi Machi 1968 maelfu ya wanafunzi wenye asili ya Meksiko walitoka madarasani, na ukisoma madai yao unakuta wanataka historia yao ifundishwe, walimu wanaotokana na jamii yao, masomo kwa lugha mbili. Ukisoma karatasi za mashtaka ya wale watu 13 walioshtakiwa kwa ajili ya migomo ile, hiyohiyo shughuli inaitwa njama ya kuvuruga shule. Mashtaka yalikuja kufutwa mahakamani mwaka 1970. Mtu ambaye amekuta mafaili ya polisi na shule peke yake, kwa sababu taasisi hizo zina makabati na makarani na madogo hawana, ataandika historia ya njama na utoro na wala hatakuwa ametunga kitu.

Vidogo vidogo vya haraka. Ukisoma mkusanyo una "futi 10" sio rundo la kwenda juu, ni urefu wa rafu, mita 3 hivi. Watunza nyaraka hawapangi upya kila kitu kwa mada, wanaacha mpangilio waliotumia wenyewe hata kama ni wa ajabu, kwa sababu faili lililoandikwa "MATATIZO" likiwa na barua za mfadhili ndani limeshakueleza jambo. Na hawatunzi kila kitu, nakala mia mbili za kipeperushi kimoja zinabaki mbili.

Na kuna hii ya "tarehe ipo, inatosha". Nilikuta kipeperushi cha pinki, kimeandikwa Alhamisi Machi 14, saa tisa na nusu, mbele ya ofisi za bodi ya shule, njoo na mwenzako. Mwaka hakuna! Aliyekiandika hakuona haja, kila mtu alijua ni wiki ijayo. Machi 14 iliangukia Alhamisi mwaka 1996, 2002, 2013 na 2019. Kikundi kilianza 1998 na kilikufa 2015, kwa hiyo tunabaki na miwili, 2002 au 2013, na hiyo ni miaka kumi na moja ya tofauti, wakurugenzi tofauti, madai tofauti. Nikakaa nacho karibu lisaa, nageuza huku na huku. Chini kabisa kwenye kona, kwa herufi za sisimizi, kulikuwa na "tupo feisibuku". Basi 2013. Nikaandika mwaka nyuma yake, kwa penseli maana wino wa peni unapenya upande wa pili, nikaweka na alama ya kuuliza pembeni kuonyesha ni makadirio yangu, nikatoa pini iliyoshika kutu, na ile selotepu iliyokuwa imegeuka kahawia nikaiacha palepale, kwa sababu ukiivuta inaondoka na maandishi.