Kantri haikuwa ya wazungu peke yao

Kenya ina mashabiki wengi wa muziki wa Marekani uitwao kantri, watu waliokua wakimsikiliza mwimbaji Jim Reeves redioni. Wengi bado wanaamini kwamba muziki huo ni wa wazungu, na weusi wa Marekani wao ni watu wa bluzi na gospeli tu. Imani hiyo inawanyima haki watu wengi.

Dhana: Banjo ni ala ya wazungu wa milimani.

Banjo, ala ya nyuzi inayosikika sana katika kantri, ilianzia mikononi mwa Waafrika waliopelekwa utumwani. Ndugu zake wako Afrika Magharibi hadi leo, mmojawapo akonting ya Wajola wa Senegal na Gambia: kibuyu kilichowambwa ngozi, mpini mrefu, na uzi mmoja mfupi wa kupigwa kwa kidole gumba. Mchoro wa South Carolina wa mwishoni mwa karne ya 18 unamwonyesha mtu mweusi akipiga ala ya aina hiyo, uzi mfupi nao upo. Kwa hiyo wanaosema uzi huo ulibuniwa na Joel Sweeney, mzungu wa Virginia aliyevuma baada ya 1830, wamekosea. Sweeney mwenyewe alifundishwa banjo na weusi wa kwao.

Dhana: Bluzi na kantri zilikua mbalimbali.

Zilitenganishwa na wafanyabiashara. Miaka ya 1920 kampuni za santuri ziliweka orodha moja kwa wanunuzi weusi na nyingine kwa wazungu wa vijijini. Wanamuziki waliendelea kuchanganyika. Tarehe 16 Julai 1930 Jimmie Rodgers, mzungu aitwaye baba wa kantri, alirekodi “Blue Yodel No. 9” Hollywood. Tarumbeta ni ya Louis Armstrong, mweusi wa jazi, piano ni ya mkewe, Lil Hardin. Santuri ilipotoka, majina yao hayakuwemo.

Dhana: Charley Pride ndiye nyota mweusi wa kwanza wa kantri.

Pride alistahili sifa zote alizopewa, lakini DeFord Bailey alimtangulia kwa miaka karibu 40. Usiku mmoja wa 1927, jina la Grand Ole Opry, kipindi maarufu cha kantri, lilipotamkwa mara ya kwanza kwenye redio ya Nashville, Bailey ndiye aliyekuwa studioni akiiga mngurumo wa treni kwa harmonika. Mwaka 1941 aliachishwa kazi kipindini, akaishi kwa kung’arisha viatu. Pride aliingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa kantri mwaka 2000. Bailey aliingizwa 2005, miaka 23 baada ya kufariki.